Shule binafsi kwa mtoto mdogo wa Rudewa: Pima umbali kabla ya matokeo

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

KILA mwaka unapokaribia kumalizika, matangazo ya nafasi za masomo katika shule binafsi za awali na msingi huanza kusikika redioni na kubandikwa kwenye nguzo za umeme. Kwa mzazi wa Dar es Salaam au Morogoro mjini, tatizo ni wingi wa shule. Kwa mzazi wa Rudewa, wilayani Kilosa, tatizo ni jingine kabisa: shule anayoitaka iko mbali, na mtoto anayetaka kumpeleka ana umri wa miaka mitano.

Rudewa ni kata iliyo kati ya Dumila na mji wa Kilosa, mkoani Morogoro, yenye vijiji kama Gongoni, Batini na Mbuyuni. Isichanganywe na Ludewa ya mkoani Njombe. Kwa anayetafuta matokeo ya mitihani kwenye intaneti, herufi hiyo moja inatosha kumpeleka mkoa mwingine. Ni eneo la mashamba ya mkonge ya tangu enzi za ukoloni, na la wakulima wa mahindi, mpunga na ufuta. Wapo pia walimu, waganga, maofisa ugani na watumishi wengine waliohamishiwa huko kutoka mijini, ambao ndio mara nyingi huuliza shule binafsi iliyo karibu iko wapi.

Kwa barabara ya lami, Rudewa hadi Kilosa mjini ni kilomita 24. Kwenda Dumila ni kilomita 45. Anayekwenda Morogoro mjini kwa kupitia Dumila husafiri zaidi ya kilomita 100. Shule binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza hupatikana zaidi mijini na kando ya barabara kuu, hivyo tarakimu hizo tatu zinapaswa kutangulia mazungumzo mengine yote ya ada, sare na ufaulu. Zamani kulikuwa na njia ya mkato ya kuzikwepa, nayo ni bweni. Kwa mtoto mdogo, njia hiyo sasa imefungwa.

Bweni si jibu tena

Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa Waraka wa Elimu Namba 2, ambao kuanzia Machi 1 mwaka huo ulisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali na wa darasa la kwanza hadi la nne. Bweni linaruhusiwa kuanzia darasa la tano. Shule yenye sababu maalumu ya kulaza watoto wa chini ya hapo hutakiwa kupata kibali cha Kamishna. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba mtoto wa umri huo anahitaji kulelewa na wazazi au walezi wake na kujengewa uhusiano na familia na jamii yake, jambo ambalo bweni haliwezi kulitoa.

Wapo wazazi walioupokea waraka huo kwa manung'uniko, hasa wale wanaofanya kazi mbali na miji. Manung'uniko yao yana msingi. Hata hivyo, anayekumbuka mtoto wa miaka sita anavyolia akiachwa na sanduku lake la bati mbele ya bweni hatapata shida kuielewa hoja ya upande wa pili. Vilevile kuna suala la usalama. Septemba 2020 moto katika bweni la shule ya msingi ya Kiislamu huko Kyerwa, mkoani Kagera, uliua watoto wa kiume 10. Nchini Kenya, Septemba 2024, wavulana 21 wa shule binafsi ya Hillside Endarasha Academy, kaunti ya Nyeri, walikufa katika moto wa bweni usiku. Katika matukio yote mawili waliopoteza maisha walikuwa watoto wa shule za msingi.

Ikumbukwe kwamba kumpeleka mtoto mdogo wa kiume mbali kwa ajili ya elimu si desturi iliyoanza na wafanyabiashara wa shule wa leo. Wakati wa ukoloni, jamii ya Wazungu iliyokuwa Tanganyika ilikuwa na shule zake za msingi za bweni. Arusha School ilifunguliwa mwaka 1934, na baada ya Vita Kuu ya Pili shule nyingine ilianzishwa Kongwa, kwenye majengo ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioshindwa. Watoto wa Waafrika waliovuna mkonge hawakuwa na nafasi katika shule hizo. Mfumo wa shule kutengwa kwa rangi uliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya Uhuru.

Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia elimu ya msingi yote, na kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ikazichukua shule nyingi za mashirika na watu binafsi. Kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata, mzazi mwenye uwezo aliyetaka Kiingereza kwa mwanawe alimvusha mpaka kwenda Kenya au Uganda. Ni Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, pamoja na marekebisho ya sheria ya mwaka huo, iliyofungua mlango kwa shule binafsi tunazozijua leo. Mtaani, shule za Serikali zikabatizwa jina la utani la "Mtakatifu Kayumba", na mabasi ya manjano yakaanza kuonekana alfajiri.

Basi la alfajiri

Mtoto wa Rudewa anayesoma kutwa Kilosa mjini atasafiri kilomita 48 kwa siku, kwenda na kurudi. Gari dogo likienda moja kwa moja, mwendo huo si mrefu kwenye lami. Lakini basi la shule haliendi moja kwa moja. Linaingia vijijini, linasubiri mtoto aliyechelewa kuamka, linasimama tena mbele kidogo. Mtoto anayechukuliwa wa kwanza asubuhi ndiye anayekaa garini muda mrefu kuliko wote, na kwa kawaida ndiye anayeishi mbali zaidi. Akipanda saa 11:30 alfajiri, maana yake ameamshwa saa 10:45. Akirudi saa 11:00 jioni, amekuwa nje ya nyumbani kwa karibu saa 12. Mtu mzima mwenye ajira huchoshwa na siku ya namna hiyo.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa chochote, mzazi aombe kupanda basi hilo siku moja ya kazi, kuanzia kituo cha kwanza hadi geti la shule, akiwa na saa mkononi. Shule inayokataa ombi hilo imeshajibu. Ndani ya gari aangalie kama kila mtoto ana kiti chake, kama yupo mhudumu mtu mzima mbali na dereva, na kama watoto huhesabiwa wanapopanda na wanaposhuka. Gari linalobeba wanafunzi kwa malipo linapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na si aibu kuomba kuiona.

Nchi hii imepata somo lake kwa gharama kubwa. Mei 6, 2017 basi dogo la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu na kuua watu 35, wakiwamo wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Aprili 2024, pia mjini Arusha, gari la shule lilisombwa na maji ya mvua na watoto wakafa. Hilo la pili lina maana ya pekee kwa Kilosa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 katika bonde la Mkondoa yaliharibu makazi ya watu wengi na kuikata Reli ya Kati. Januari 2014 maji yalibomoa daraja la Dumila katika barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma. Swali la kumuuliza mwenye shule ni hili: mvua kubwa ikinyesha saa 9:00 mchana, nani mwenye mamlaka ya kuamua basi lisiondoke, na watoto wa mbali watalala wapi siku hiyo? Kama jibu ni la kubabaisha, au kama uamuzi huo ameachiwa dereva, mzazi ana haki ya kusita.

Wapo watakaotaja treni ya kisasa, kwa kuwa Kilosa ni miongoni mwa vituo vya reli mpya ambayo safari zake hadi Dodoma zilizinduliwa rasmi Agosti 1, 2024. Treni hiyo ni neema kwa baba anayefanya kazi Morogoro au Dodoma na kutaka kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Si usafiri wa mtoto wa chekechea.

Karatasi za kuangalia

Shule ya kweli ina namba ya usajili iliyotolewa na Wizara ya Elimu. Kwa shule za msingi namba hiyo huanza na herufi EM, na huwekwa kwenye cheti ambacho kwa kawaida hutundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mzazi aisome mwenyewe, ainakili, kisha aihakiki katika ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya au kwa Ofisa Elimu Awali na Msingi wa halmashauri. Ofisi hizo ni za umma na huduma hiyo haina malipo.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Vituo vingi vinavyoitwa shule za chekechea si shule kisheria. Ni vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, ambavyo husimamiwa na idara ya ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hakuna ubaya kumpeleka mtoto huko, na baadhi ni vizuri sana, ila mzazi ajue kwamba kituo hicho hakimwandikishi mwanawe katika mfumo wa elimu. Mwanafunzi wa shule ya msingi iliyosajiliwa huingizwa katika mfumo wa kumbukumbu wa Baraza la Mitihani la Tanzania (Necta) na kupewa namba ya PREM, ambayo humfuata hadi mtihani wa mwisho na hutumika anapohama shule. Shule isiyoweza kumpatia mtoto wa darasa la kwanza namba hiyo ina kasoro kubwa, hata kama bustani yake inapendeza.

Darasani, kipimo cha kwanza ni hesabu rahisi. Mwongozo wa Serikali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 katika darasa la awali, na mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi. Vyooni, wavulana 25 kwa tundu moja. Shule binafsi inayotoza ada na kukaa juu ya viwango hivyo haina jambo la kujivunia mbele ya shule ya Serikali. Tena mzazi aende kuhesabu siku ya kawaida, saa za masomo. Siku ya mahafali haifai kwa kazi hiyo, maana siku hiyo kila kitu hung'aa.

Kuhusu viboko, Kanuni za mwaka 2002 zinasema mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, ndiye anayeweza kutoa adhabu hiyo, visizidi vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Kanuni hizo zinazihusu shule zote, ziwe za umma au za binafsi. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mjini Bukoba alifariki dunia baada ya kuchapwa shuleni, tukio lililotikisa nchi. Wavulana ndio wanaodhaniwa kuwa na ngozi ngumu, hivyo mzazi wa mtoto wa kiume ana sababu ya kuomba kukiona kitabu cha adhabu. Kama hakipo, aelewe kwamba wanaochapwa hawaandikwi.

Kusoma matokeo bila kudanganywa

Tangu Januari 2023 Necta haitangazi tena orodha ya shule 10 bora wala wanafunzi bora kitaifa. Baraza lilieleza kuwa orodha hizo zilikuwa zikizitangaza shule kibiashara. Mabango ya "tumekuwa wa kwanza kimkoa" hayajakoma, lakini mzazi anaweza kuyapuuza kwa sababu matokeo ya kila shule bado yanawekwa kwenye tovuti ya Baraza, ya darasa la nne na ya darasa la saba.

Wengi huangalia wastani wa darasa la saba tu. Wanaojua huangalia idadi. Wanafunzi waliofanya Upimaji wa Taifa wa Darasa la Nne mwaka 2021 ndio waliotarajiwa kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2024. Tuchukue mfano wa kufikirika: ikiwa mwaka 2021 shule ilikuwa na watahiniwa 60, na mwaka 2024 wamebaki 38 ambao wote wamepata daraja A na B, swali si jinsi gani 38 walivyofaulu. Swali ni 22 walikwenda wapi. Baadhi watakuwa wamehama na wazazi wao, ambalo ni jambo la kawaida. Lakini ipo tabia ya baadhi ya shule binafsi kuwaondoa au kuwakaririsha darasa watoto wasiofikia wastani uliowekwa, ili wasije kuchafua matokeo. Wizara imekwisha kuikataza tabia hiyo, ingawa njia za kuitenda kwa upole bado zipo: mzazi huitwa ofisini na kushauriwa kwamba mwanawe "atafaa zaidi shule nyingine".

Mzazi wa mtoto wa miaka mitano hajui bado kama mwanawe atakuwa miongoni mwa 38 au wa 22. Kwa hiyo shule anayoitafuta ni ile inayowafikisha mwisho wengi kati ya iliowapokea, hata kama wastani wake uko chini kidogo.

Aidha, mfumo wenyewe unabadilika. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza, na elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita. Kwa mpango wa Serikali, darasa la sita la kwanza la mtaala mpya linamaliza mwaka 2027 pamoja na darasa la saba la mwisho, na wote kuingia kidato cha kwanza Januari 2028. Mtoto anayeanza awali sasa atasoma mwaka mmoja wa awali na sita ya msingi. Shule iulizwe imepangaje walimu na vitabu kwa mtaala huo, kwa kuwa baadhi bado hutangaza sifa walizozipata kwa mtaala wa zamani.

Kiingereza kinachouzwa

Tuseme wazi: wazazi wengi hununua Kiingereza. Sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyetoka shule ya Kiswahili hufika kidato cha kwanza akiwa na kazi mbili, kujifunza somo na kujifunza lugha ya somo. Hofu hiyo ni ya haki.

Hata hivyo, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama Martha Qorro na Casmir Rubagumya wameandika kwa miaka mingi kuhusu tatizo la kufundisha kwa lugha ambayo mwalimu na mwanafunzi hawaimudu. Mtoto hukariri bila kuelewa, na ukimya darasani hudhaniwa kuwa nidhamu. Katika mji mdogo, uwezo wa mwalimu kuzungumza Kiingereza sanifu hauwezi kuchukuliwa kuwa umehakikishwa na bango la shule. Njia ya kuupima ni kuomba kuketi nyuma ya darasa la pili kwa kipindi kimoja. Hata mzazi asiyejua Kiingereza atabaini mengi: je, watoto huuliza maswali, au huitikia kwa pamoja tu? Mwalimu anapoona hawajaelewa hufanya nini? Je, yupo mtoto anayeadhibiwa au kuvalishwa kitu cha aibu kwa kusema Kiswahili? Desturi hiyo ya mwisho ipo katika baadhi ya shule na kwa maoni ya mwandishi inatosha peke yake kumfanya mzazi aondoke.

Pia mtoto wa kiume wa Rudewa anarudi jioni kwenye Kiswahili cha nyumbani, cha uwanjani na cha msikitini au kanisani. Asipojifunza kukisoma na kukiandika kwa ufasaha, atakuwa mgeni kwao. Tathmini za Uwezo zilizoanza mwaka 2010 zilionyesha kuwa watoto wengi wa darasa la tatu nchini hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ujuzi wa kusoma ukishapatikana katika lugha moja, huhamia katika nyingine. Ukikosekana katika zote mbili, ada imepotea.

Fedha na msimu

Serikali iliwahi kuzungumzia kuweka ada elekezi kwa shule binafsi, na mjadala ulivuma mwaka 2015 na 2016, lakini ada hiyo haikuwekwa. Kila shule hupanga yake. Kwa upande mwingine, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada na michango ya lazima ilifutwa katika shule za Serikali kuanzia Januari 2016, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Mzazi anayechagua shule binafsi analipia kitu ambacho angeweza kukipata bila ada, na ni vema akijua analipia nini hasa.

Ada iliyoandikwa kwenye kipeperushi ni sehemu tu. Huongezwa usafiri, chakula, sare, vitabu, fomu, mitihani ya majaribio, masomo ya ziada, ziara na mahafali. Mzazi aombe orodha nzima kwa maandishi. Tuseme, kwa mfano tu, jumla ya yote ni shilingi milioni 1.5 kwa mwaka. Kwa miaka saba ni milioni 10.5, bila kuhesabu kupanda kwa bei. Shule nyingi binafsi huweka madarasa mawili au hata matatu kabla ya darasa la kwanza, wakati sera inataka mwaka mmoja. Kila mwaka wa ziada ni ada nyingine, na mtoto atafika darasa la kwanza akiwa na miaka ile ile sita.

Kwa mkulima wa Rudewa kuna jambo jingine ambalo mkurugenzi wa shule aliyeko mjini hulisahau. Ada kubwa hudaiwa Januari. Januari fedha ya mkulima imo ardhini: ameshalipa trekta, amenunua mbegu, na ghala linaelekea kwisha. Fedha huonekana baada ya mavuno, katikati ya mwaka. Mfanyakazi wa shamba la mkonge au mtumishi mwenye mshahara anaweza kulipa kidogo kidogo kila mwezi, mkulima hawezi. Hivyo sharti la malipo ni muhimu kuliko kiasi cha ada. Shule inayokubali kupokea sehemu kubwa Julai, na kuyaweka makubaliano hayo kwa maandishi, ni nafuu kuliko yenye ada ndogo inayomrudisha mtoto nyumbani wiki ya pili ya Januari mbele ya wenzake. Mtoto aliyerudishwa mara tatu huanza kuichukia shule, na hajui kosa ni la nani.

Shule iliyo karibu, au nyumba ya shangazi

Kwa familia nyingi za Rudewa, mpango unaoingia akilini ni wa vipande viwili. Mtoto aanze awali na madarasa ya mwanzo katika shule ya Serikali iliyo karibu, anakokwenda kwa miguu na kurudi mchana. Nyumbani apatiwe vitabu vya hadithi vya Kiswahili na vya Kiingereza, na mtu wa kumsikiliza akisoma kila jioni. Kisha, anapofika darasa la tano na bweni likiwa halali, familia iamue upya ikiwa na mtoto anayejua kujieleza na ambaye anaweza kusema kama anaonewa. Udhaifu wa mpango huu ni msongamano wa madarasa ya umma, na ukweli kwamba kuhamia mchepuo wa Kiingereza katikati ya safari ni mzigo. Mtaala mpya umepunguza ugumu huo kwa kuwa Kiingereza hufundishwa kama somo tangu darasa la kwanza.

Wengine humpeleka mtoto kwa ndugu: kwa shangazi aliyeko Kilosa, kwa baba mdogo Dumila, kwa bibi Morogoro. Ni desturi yetu ya siku nyingi, na waraka wa mwaka 2023 haukuikataza. Lakini ndugu naye ana nyumba yake na matatizo yake. Mambo ya kukubaliana mapema ni chakula na fedha za matumizi, kazi za nyumbani anazopewa mtoto, anakolala na anayelala naye chumba kimoja. Suala hili la mwisho watu huona haya kulitaja, hasa kwa mtoto wa kiume, kana kwamba wavulana hawadhuriki. Kesi za kulawitiwa kwa watoto wa kiume zinazofikishwa mahakamani zinaonyesha vinginevyo, na mara nyingi mshitakiwa huwa mtu aliyefahamika nyumbani. Kuna pia nyumba za watu binafsi karibu na shule zinazolaza wanafunzi wadogo kwa malipo baada ya mabweni kufungwa. Hizo hazina msimamizi wa elimu wala mkaguzi, na mzazi anayepewa anwani ya nyumba kama hiyo na uongozi wa shule anapaswa kutoa taarifa kwa ofisa elimu.

Mzazi akiamua, taratibu ni chache. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto hupatikana Rita, na ni vizuri kukishughulikia miezi kadhaa kabla. Mtoto wa awali huandikishwa akiwa na miaka mitano na wa darasa la kwanza akiwa na sita. Kumwongezea umri ili awahi hakumsaidii, kwani atakuwa mdogo kuliko wenzake katika kila darasa hadi sekondari. Shule nyingi hufanya usaili. Kwa mtoto wa miaka mitano usaili wa haki ni mazungumzo, kuchora na kucheza. Anayepewa karatasi ya maswali 40 amefika mahali wanapotafuta watoto waliokwisha kufundishwa.

Risiti za malipo zote zitunzwe. Mtoto akihamishwa baadaye, kwa sababu yoyote ile, uhamisho hupitia kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka, wa anakokwenda na maofisa elimu, kwa kutumia namba yake ya PREM. Kabla ya kusaini fomu ya kujiunga, mzazi asome kipengele kinachoeleza deni la ada na uhamisho, na aulize siku ile ile ikiwa jina la mtoto litaachiliwa endapo familia itashindwa kuendelea kulipa.